Mtwara, Lindi, Masasi, Newala: siku nne ndani ya gari na mtoto anayeacha nepi

Mtoto wa miaka miwili akisema "kojo", ana dakika moja, mbili zikizidi. Dereva naye ana kioo cha kuangalia, indiketa ya kuwasha, ukingo mpana wa kutafuta na lami ya kuiacha. Halafu kuna mkanda wa kufungua na kaptula ya kushusha. Hesabu hiyo haikubali hata mtoto awe hodari kiasi gani. Ndiyo maana mtoto anayemaliza wiki nzima mkavu nyumbani kwao Shangani au Magomeni, Mtwara mjini, hujikojolea kabla gari halijafika njia panda ya Mnazi Mmoja. Hajasahau alichofundishwa. Amekosa muda, na muda huo ni mtu mzima wa kumpatia: asimamishe gari kabla mtoto hajaomba, na apange vitambaa na maji pale mkono unapofika.

Mzunguko wenyewe ni Mtwara hadi Lindi, Lindi hadi Masasi, Masasi hadi Newala, kisha kurudi Mtwara kwa kupitia Tandahimba. Humo utakutana na lami na vumbi, joto la pwani na ubaridi wa uwanda wa Makonde, choo cha kuvuta na choo cha shimo, mahali maji ni tele na mahali ndoo moja ni mali.

Siku moja kabla: Mtwara mjini

Kwanza kubalianeni mtoto atavaa nini. Aliyeanza kuacha nepi chini ya wiki mbili zilizopita, au anayejikojolea zaidi ya mara moja kwa siku akiwa nyumbani, avae chupi ndani na nepi juu yake. Chupi ikilowa ataihisi, na kuhisi ndiko kunakomfundisha. Nepi itazuia maji yasifike kwenye sponji ya siti. Pampasi ikivaliwa peke yake hunyonya upesi mno, mtoto hubaki mkavu na hajui kilichotokea. Yule anayekaa mkavu mchana kutwa avae chupi tu akiwa macho, na chupi-na-nepi zingoje vipande vya safari atakavyolala. Kuanza mafunzo wiki ileile ya safari hatushauri kabisa. Mtoto hawezi kujifunza jambo jipya na kuhama vitanda vitatu kwa mpigo.

Halafu pima kiasi cha maji unayopambana nayo. Kibofu cha mtoto hukadiriwa hivi: chukua umri wake kwa miaka, ongeza mbili, zidisha kwa 30, jibu ni mililita. Wa miaka miwili anabeba kama mililita 120, wa miaka mitatu 150. Kwa hiyo tandiko la siti linapaswa kumeza mililita 150 bila kuvuja. Lijaribu usiku huo huo: tandika sakafuni, mimina maji ya kiasi hicho katikati, subiri dakika mbili, inua uangalie chini. Khanga moja iliyokunjwa mara nne huzidiwa, maji yakatokea pembeni. Taulo dogo la pamba lililokunjwa mara mbili linamudu, na chini yake kipande cha mpira wa kitandani, ule makintoshi wanaonunua wajawazito kwa ajili ya kujifungua. Mita moja ya mpira inatoa vipande vinne vya sentimita 40 hadi 50 kila upande. Andaa tandiko tatu kamili, kila moja mpira na taulo lake, uziweke zikiwa zimeshakunjwa pamoja.

Tandiko hilo ni la siti ya gari na la kitandani. Kwenye kiti cha mtoto mambo ni tofauti. Kitu kinene kikikaa mgongoni au chini ya mikanda yake, ajali ikitokea kinene hicho hubonyea, mikanda ikalegea, mtoto akachomoka. Weka kitambaa chembamba tu, pale makalio yanapokaa, kisha kaza mkanda na ujaribu kuubana kwa vidole viwili karibu na bega: ukiweza kuukunja, bado umelegea. Kama kijitabu cha kiti kinakataza kitambaa chochote cha ziada, kifuate, na badala ya tandiko mvalishe mtoto nepi juu ya chupi. Kumpakata mapajani si mbadala wa kiti. Breki ya ghafla ikipigwa, hakuna mikono inayoweza kumshika.

Kiti kifungwe nyuma ya abiria wa mbele, upande wa kushoto. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango huo unafungukia majani na si lami. Ukikiweka nyuma ya dereva, kila haja ya mtoto itakusimamisha mahali malori yanapopita.

Nguo: chupi tano kwa siku na kaptula nne zenye mpira kiunoni. Ovaroli, mikanda na vifungo viachwe nyumbani. Kila kifungo ni sekunde ambazo hamna. Msichana avae gauni fupi. Miguuni avae yeboyebo au kandambili zenye kamba nyuma, kwa sababu mkojo huteremka mpaka kiatuni, na raba ya kitambaa ikilowa haikauki tena safari nzima.

Nguo zilizolowa zinahitaji chombo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo ilikuwa ikivuja. Chukua ndoo tupu ya rangi ya lita 4 yenye mfuniko unaobana, iliyooshwa ikatakata. Haivuji, haitoi harufu, na jioni ndiyo hiyo hiyo ya kufulia. Ongeza dumu la maji la lita 5, chupa ya nusu lita iliyotobolewa matundu mfunikoni kwa msumari (ndilo bomba lenu la kuogeshea), sabuni ya kipande ndani ya kopo, taulo kavu mbili za kukandamizia siti, tishu za majimaji, mafuta ya mgando, mkeka mdogo wa ukili, na poti yenyewe. Ndani ya poti weka konzi mbili za maranda kutoka kwa fundi seremala yeyote. Yanameza mkojo, na gari likiondoka halimwagiki tone. Vyote hivi vikae sakafuni nyuma au mwanzoni mwa buti. Poti iliyozikwa chini ya mabegi haina tofauti na poti iliyosahaulika nyumbani.

Siku ya kwanza: Mtwara – Lindi

Ni kilomita mia moja na kidogo, lami mwanzo mwisho. Siku hii ndiyo ya kumzoesha mtoto mpangilio, kwa hiyo msiwe na haraka.

Saa 12 asubuhi mtoto anywe uji. Uji ni maji, na kwa kawaida hudai kutoka kati ya nusu saa na saa moja baadaye. Mkimpa uji mkaondoka papo hapo, mtakamatwa njiani mkishapita Mikindani. Subirini. Saa 12:40 akalie poti, akikojoa ndipo gari liwashwe. Mpelekeni kwa kauli na si kwa swali: "Twende tukakojoe." Ukimuuliza "Unataka kukojoa?" atajibu hataki, maana mtoto wa umri huu hujibu hivyo kwa karibu kila kitu, na ukishauliza umejifunga kulikubali jibu lake.

Kusimama kwa kwanza kuwe dakika 40 hadi 45 baada ya kuondoka, hata kama mtoto ametulia. Kwa pili kuwe penye njia panda ya Mnazi Mmoja, barabara ya Masasi inapoachana na ya Lindi. Pana watu, chakula na vyoo vya kulipia, basi wekeni sarafu za mia mbili na mia tano karibu. Baada ya hapo Lindi haiko mbali. Kwa siku zinazofuata, kipimo kwenye lami ni saa moja hadi saa moja na nusu, na dakika 45 kwenye barabara mbovu.

Kusimama kuna utaratibu wake. Toka kabisa kwenye lami, washa taa za tahadhari, weka reflekta ya pembetatu nyuma ya gari. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma upande wa kushoto, funga khanga kati yake: hapo una chumba. Watoto wengi hawawezi kutoa chochote wakitazamwa, na kwenye vijiji vya njia hii gari likisimama watazamaji hawachelewi. Poti iwekwe juu ya mkeka, kwenye kokoto au udongo ulio wazi. Mpe dakika mbili, tatu mwisho. Mimina maji kidogo kutoka kwenye chupa asikie, au mpigie "ssss" kama bibi anavyofanya. Sauti hiyo kweli husaidia. Asipotoa, mpandishe bila maneno na usimame tena baada ya dakika 20. Kumkalisha robo saa nzima kunamfanya aichukie poti, na siku ya pili atakataa hata kuikaribia.

Mvulana anaweza kutumia chupa yenye mdomo mpana, gari likiwa limesimama. Kumfungua mkanda gari likiwa kwenye mwendo ili akojoe hapo hapo ni kosa lisilo na udhuru. Acha alowane. Siti hufuliwa.

Na atalowana. Likitokea, sema kwa sauti ya kawaida, "Umekojoa, tutabadilisha," kisha tafuta mahali pa kusimama bila kukimbiza gari. Mtu wa kwanza kuonyesha hasira ndiye anayeharibu siku zilizobaki. Mtoto aliyekaripiwa haachi kukojoa, anaacha kusema; hubana mpaka kibofu kinazidiwa, na kinachotoka baadaye ni kingi kuliko cha mwanzo.

Hatua ya kwanza baada ya kumshusha ni poti, kabla ya kumwosha. Wengi wanaikosa hii. Mtoto akihisi umajimaji hushtuka na kufunga katikati, nusu ikabaki ndani. Mkimsafisha na kumvalisha upya, nusu hiyo hutoka dakika ishirini baadaye kwenye nguo safi, mkadhani ana ugonjwa. Akishamaliza, asimame kwenye mkeka. Viringisha kaptula na chupi pamoja kwenda chini ili sehemu mbichi ibaki ndani na isimpake mapajani. Mwoshe kwa maji ya ile chupa yenye matundu, nusu lita inatosha, na kwa msichana mkono uende mbele kwenda nyuma. Mkaushe kwa kugusagusa, usisugue. Paka mafuta ya mgando kwenye mikunjo ya mapaja. Mkojo na jasho la Lindi kwa pamoja huchubua ngozi kabla jua halijazama.

Halafu siti. Toa tandiko, likunje kwa ndani, liingie ndooni. Kama sponji imeguswa, weka taulo kavu na uegemeze uzito wako wote kwa nusu dakika, geuza upande mkavu, rudia hadi taulo lisinyonye tena. Mimina maji baridi kidogo, kama robo kikombe, mahali hapo hapo, kandamiza tena. Kusugua kunasukuma mkojo ndani zaidi na kupanua doa. Maji ya moto yanagandisha uchafu kwenye nyuzi. Kiti cha mtoto kikilowa kwenye mikanda, ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni laini kidogo, basi. Isiloekwe, isipigwe jiki wala pasi, kwa sababu nyuzi zake hudhoofika bila kuonekana. Mkojo ukiingia kwenye bakoli ya mkanda, yaani kifungio chake, isuuze kwa maji matupu, uisikilize ikilia "taa" inapofunga. Mafuta ya kulainisha yasiingie humo.

Mtanawa mikono kwa sabuni, mtaondoka. Tukio zima linakula lita moja na nusu ya maji na kama dakika kumi.

Lindi, usiku. Fua mapema, kabla hewa ya bahari haijawa nzito. Kabla ya kuvua kitambaa cha kiti cha mtoto, piga picha kwa simu njia ambayo mikanda inapita, mbele na nyuma. Kesho asubuhi hakuna atakayekumbuka. Loweka kwa maji baridi, fua kwa sabuni laini, suuza mara mbili. Pwani nguo nene haikauki kwa usiku mmoja ukiianika tu. Itandike juu ya taulo kavu, viringisha pamoja, ikanyage kwa miguu mpaka taulo lichukue maji, ndipo uitundike penye upepo. Asubuhi ikiwa bado na unyevu kidogo, irudishe kitini hivyo hivyo na utandike khanga moja juu. Kutumia kiti bila kitambaa chake si salama.

Chupi na nepi za kitambaa zisianikwe juu ya majani wala ardhini. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na mayai yakianguliwa funza huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutokeza kama jipu. Pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye pindo na mpira wa kiuno, huua mayai hayo.

Kwenye gesti tandika mpira wenu chini ya shuka hata kama mtoto huwa halowani usiku. Kitanda kigeni na uchovu vina nguvu kuliko mazoea. Kukaa mkavu usiku huja miezi mingi, hata miaka, baada ya mchana, na hufuata ukuaji wa mtoto. Hakufundishwi kwa kumwamsha kila saa.

Siku ya pili: Lindi – Masasi

Mnarudi Mnazi Mmoja, mnashika kulia: Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi. Ni kama kilomita 140, na leo jambo kubwa ni haja kubwa.

Mtoto aliyebadilishiwa mahali kwa kawaida hubana. Choo cha shimo kinamtisha: ni giza, kinatoa harufu, na tundu lake kwa macho yake linaweza kummeza. Usimshike kwa nguvu juu ya tundu. Akalie poti yake nje au mlangoni, kisha mtu mzima amwage shimoni na kusuuza. Wakati mzuri ni baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Mkalishe robo saa hadi nusu saa baada ya chai ya asubuhi, kwa dakika tano, miguu ikikanyaga jiwe au kitabu ili magoti yapande juu ya nyonga. Miguu inayoning'inia haina pa kusukumia.

Kinyesi kilichokaa siku tatu kinakandamiza kibofu, na ndiyo sababu ya mikojo mingi ya ghafla ambayo watu hulaumu barabara. Tena kuna mtego: ukiona chupi ina uchafu wa majimaji kidogo kidogo mara nyingi, usikimbilie kusema anaharisha. Huenda umajimaji unapenya pembeni ya kinyesi kigumu kilichoziba. Gusa tumbo kwa chini upande wa kushoto, uliza alienda lini mara ya mwisho na kilikuwaje. Vipande vigumu kama punje ni dalili ya kuziba. Papai lililoiva, embe na maji ni tiba ya njiani; ndizi mbichi na wali mtupu vipumzike.

Maji yasipunguzwe kwa hofu ya siti. Jambo hili linatuuma, kwa sababu wazazi wengi hulifanya kwa nia njema. Mkojo uliokolea unachoma, kinachomchoma mtoto anakibana, na kinyesi nacho kinakauka. Mtoto wa umri huu anahitaji zaidi kidogo ya lita moja ya majimaji kwa siku, uji, maziwa na matunda yakihesabiwa ndani. Mpe mafunda machache kila nusu saa badala ya kikombe kizima kwa mara moja. Dafu mpeni mkishafika, au dakika arobaini kabla ya mahali mlipopanga kusimama, linapita upesi.

Akiharibu nguo kwa haja kubwa, kwangua kigumu kwa kipande cha boksi kutoka nje kwenda ndani, kiingie chooni. Kisichofika chooni kifukiwe shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kisima au mto. Kitambaa kisuuzwe kwanza kwa maji baridi, sabuni baadaye. Hapa dawa ya kusugulia mikono haitoshi. Tumieni maji na sabuni. Nepi za dukani zisitupwe porini wala kwenye shimo la choo, hazioze. Zifungeni kwenye gazeti mpaka penye pipa la taka.

Kuhara kwa kweli ni habari nyingine. Pakiti moja ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji salama. Aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, aliyezidi hapo 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, pamoja na vidonge vya zinki kama atakavyoelekeza mhudumu wa afya. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kulegea, au saa sita bila mkojo, hapo msisubiri Masasi. Njia hii imebarikiwa hospitali: Nyangao, Ndanda, na Mkomaindo pale Masasi mjini. Zitumieni pia mtoto akilia kila anapokojoa, akiwa na homa, au akitoa matone mara nyingi bila kumaliza. Hayo si mafunzo yaliyoshindwa, huenda ni uambukizo unaohitaji kipimo cha mkojo. Mkojo wenye damu nao upimwe, kwani kichocho kipo mikoa hii.

Ndanda ni pazuri pa mapumziko marefu ya mchana: kivuli kipo, maji yapo. Lakini mtoto asiachwe garini hata kwa dakika ya kulipia chakula. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda kama nyuzi 10 kwa dakika kumi za mwanzo. Na kabla ya kumrudisha kitini, gusa bakoli ya mkanda kwa kiganja. Chuma kilichoiva juani kinaunguza paja lisilo na nguo.

Siku ya tatu: Masasi – Newala

Kipande kifupi, hakifiki kilomita 80, lakini jazeni maji Masasi: dumu la lita 20 juu ya lile la lita 5. Uwanda wa Makonde hauna vijito juu, watu wanaishi kwa maji ya bomba na ya mvua waliyokinga, na si haki kumwendea mwenyeji na chupi saba za kufua.

Huku porini pana mambo matatu ya kuogopa kwa mtoto aliyevua nguo. Upupu, hasa kiangazi maganda yakikauka: vinyweleo vyake vikimgusa makalioni mtasimama nusu saa. Usisugue. Bandika na kubandua selotepu mpaka vitoke, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Pili, salfa inayopulizwa kwenye mikorosho wakati wa maua. Ukiona vumbi la njano kwenye majani, shamba hilo lipite, linawasha macho na ngozi. Tatu, korosho mbichi zilizodondoka, kwa kuwa mafuta ya ganda lake yanababua. Kivuli cha mkorosho kinavutia, lakini poti ibaki kwenye mkeka ukingoni mwa barabara.

Newala jioni kuna ubaridi na upepo, hasa Juni hadi Agosti. Mtoto aliyekuwa akitokwa jasho Lindi hatoki tena, na maji aliyokunywa yote huelekea kibofuni. Ongeza safari moja ya poti kabla ya kulala na mvalishe suruali. Mkienda kutazama bonde kutoka Shimo la Mungu, akojoe kwanza. Ukingoni pale si mahali pa kukimbizana na kaptula.

Siku ya nne: Newala – Tandahimba – Mtwara

Sehemu kubwa ya njia hii imekuwa kwenye ujenzi wa lami, kwa hiyo tegemea michepuko, vumbi na mitikisiko hadi Mnivata. Kutoka hapo kuna kilomita 50 za lami hadi Mtwara. Mtikiso hukandamiza kibofu kilichojaa nusu kana kwamba kimejaa chote. Simameni kila dakika 45. Vitambaa safi vikae ndani ya ndoo ya pili au begi la zipu, la sivyo mtamvalisha mchanga, na mchanga juu ya ngozi iliyolowa ni kidonda.

Atalala baada ya Tandahimba, kwa hiyo chupi-na-nepi zivaliwe kabla. Kwenye usingizi wa gari, mtoto mara nyingi hukojoa anapozinduka: anapoanza kujinyoosha, kusugua macho, kugeuza shingo. Anayekaa naye nyuma aangalie dalili hizo, amwambie dereva hapo hapo. Mkisimama ndani ya dakika mbili tatu baada ya kuzinduka, nepi hutoka kavu, na mtoto akionyeshwa kuwa ni kavu hufurahi sana. Mwambieni waziwazi kwamba amefanya vizuri.

Mtwara mkifika, gari lisifungwe likaachwa. Harufu ya mkojo inatoka kwa bakteria wanaovunja yurea kuwa amonia, na joto likipanda kesho yake kila kilichobaki kwenye sponji kitajitangaza. Pafyumu hufunika saa chache tu. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nyunyizia doa mpaka liloane kwa kina ambacho mkojo ulifika, subiri robo saa, kandamiza kwa taulo. Acha milango wazi mpaka pakauke. Ndipo unyunyize vijiko vinne vya bikaboneti ya soda, ukiache usiku kucha, asubuhi ukung'ute. Siki na bikaboneti vikichanganywa kwa wakati mmoja hutoa povu na kuuana nguvu, povu hilo halisafishi kitu. Magadi ya kupikia si mbadala, ni makali kwa kitambaa. Siki nayo isiguse mikanda ya kiti cha mtoto.

Jiki isitumike ndani ya gari hata kidogo. Ikikutana na amonia ya mkojo, au na siki uliyotoka kuipaka, hutoa gesi inayochoma mapafu, na gari ni chumba kidogo mno kwa gesi hiyo.

Bonyeza karatasi nyeupe kwenye sponji kwa nguvu. Ikitoka na unyevu, iache siku nyingine juani, madirisha yakiwa chini. Ikitoka kavu, rudisha kitambaa, pitisha mikanda kwa kufuata zile picha za Lindi, mkalishe mtoto, kaza, bana kwa vidole viwili begani.